Mhariri, mlichokiita kelele za kuzimu ni sauti ya kiwandani

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na timu nzima ya gazeti. Mi ni fundi wa kuchomelea, niko eneo la Gerezani hapa Dar, na gazeti lenu tunalinunua kwa kuchangishana pale karakana, tunaanza na michezo halafu burudani halafu ndo siasa. Naandika kuhusu huo ukurasa wa burudani, ile makala mliyoitoa baada ya Ozzy Osbourne, yule muimbaji wa roki wa Uingereza, kufariki Julai 22, 2025, mkasema bendi yake ya Black Sabbath ilikuwa kelele za kuzimu za vijana wa kizungu waliokosa kazi ya kufanya, na karibu nusu ya makala ikawa inamuongelea yule popo ambaye Ozzy alimng'ata kichwa jukwaani. Jamani nimeumia, nasema ukweli wangu. Sikatai mtu kutoupenda huo muziki, kila mtu na sikio lake, mke wangu mwenyewe haupendi na tunaishi vizuri tu. Ila hapo pa kukosa kazi ndo pamenifanya nikae chini niandike, kwa sababu hao jamaa wanne walikuwa watoto wa kiwandani kabisa, na ule uzito wa muziki wao, kitu chenyewe kinachowafanya watu waseme ni wa kuzimu, umechangiwa na ajali ya kazini, tena ajali ya mashine ya bati, mambo ambayo sisi huku Gerezani tunayajua vizuri.

Nianze na popo ili tumalizane naye. Ile kitu ilitokea Januari 1982 mji wa Des Moines, Marekani, na wakati huo Ozzy alikuwa anapiga na bendi yake mwenyewe, Black Sabbath walishamtoa tangu 1979. Kwahiyo kumtumia yule popo kueleza albamu ambazo Black Sabbath walirekodi 1970 na 1971 haikai sawa, ni miaka kumi na zaidi katikati na watu tofauti.

Sasa hao vijana. Wote wanne wametokea Aston, Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda, sehemu iliyopigwa sana mabomu kwenye vita ya pili ya dunia, na wao wamezaliwa vita imeisha, 1948 na 1949, wakawa wanacheza utotoni kwenye magofu. Ozzy alifanya kazi machinjioni, na kabla ya hapo alifanya kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, kazi yake ilikuwa kutyuni honi, siku nzima mtu anasikiliza honi tu, moja ikitoka inakuja nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma, na ile misalaba ya aluminiamu waliyokuwa wanavaa bendi shingoni, ambayo watu walikuwa wanasema ni ya kishetani, mzee ndo aliwatengenezea kiwandani kwa mikono yake. Geezer Butler wa besi alikuwa anajifunza uhasibu, mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland, na mashairi mengi ya bendi aliandika yeye. Bill Ward wa dramu amewahi kueleza jinsi alivyokuwa anasikia mitambo ya viwanda usiku akiwa kitandani utotoni, ile dii, dii, dii, na yeye anagonga kufuatisha. Mtu aliyelala karibu na karakana inayopiga shifti ya usiku anajua naongelea nini.

Wa nne ni Tony Iommi wa gita, na huyu ndo nataka kumuongelea zaidi, maana ni mchomeleaji mwenzangu.

Iommi alikuwa na miaka 17, kazi yake kiwandani ilikuwa kuchomelea vipande vya bati ambavyo mtu mwingine anavikunja kwenye mashine ya presi kisha vinamfikia yeye. Alishapata bendi ya kwenda nayo Ujerumani kwahiyo akaacha kazi, na ile ilikuwa siku yake ya mwisho. Mchana akarudi nyumbani kula, akamwambia mama yake sirudi tena, mama akamwambia hapana, kazi inamalizwa inavyotakiwa, rudi. Akarudi. Sasa yule mtu wa presi siku hiyo hakuja, na vipande haviji, kwahiyo Iommi akawekwa yeye kwenye presi, mashine ambayo hajawahi kuiendesha. Presi ikashuka kwenye mkono wa kulia, na yeye badala ya kusubiri ipande akauvuta mkono kwa nguvu, ncha za vidole viwili zikabaki kule, kidole cha kati na cha pete. Hapo mtu anaweza kusema bora ni mkono wa kulia, mpiga gita anabonyeza nyuzi kwa kushoto. Lakini Iommi ni mashoto, kwahiyo mkono wa kulia ndo huohuo wa kubonyezea.

Mhariri, mimi hicho kitu nimekiona kwa macho. Kuna karakana niliwahi kufanya kazi zamani, sitaitaja, mtu wa kukunja bati hakuja akawekwa kijana ambaye kazi yake ilikuwa kupiga rangi. Hakuna aliyemuonyesha pa kuweka mikono, aliambiwa tu angalia usicheleweshe oda. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Nakumbuka alivyokuwa ameushika ule mkono kwa mkono mwingine na halii, anauangalia tu, na bosi anauliza nani atamalizia ile kazi. Matibabu alijigharamia na ndugu zake. Ndo maana niliposoma neno waliokosa kazi ya kufanya likaniingia vibaya, na naamini aliyeliandika hakuwa na nia mbaya, hakujua tu.

Turudi kwa Iommi. Madaktari walimwambia gita asahau. Msimamizi wake wa kiwandani ndo akaja nyumbani na santuri, akamlazimisha asikilize, ilikuwa ya Django Reinhardt, yule mpiga gita wa kabila la Waroma aliyeungua mkono kwenye moto 1928, akawa anapiga solo kwa vidole viwili na akawa bingwa wa Ulaya nzima. Iommi akapata moyo. Alichofanya baada ya pale ni kazi ya fundi kabisa: akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha akaviringisha kidonge, akakitoboa kwa chuma cha moto cha kulehemu mpaka kidole kikaingia, akapiga msasa kikae sawa, akabandika kipande cha ngozi ya jaketi la zamani juu ili uzi usiteleze. Vikofia vya vidole hivyo, kajitengenezea mwenyewe. Halafu nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza, nyuzi nyepesi za gita hazikuwepo madukani wakati ule, akaanza kuchanganya na nyuzi za banjo kwa sababu ni nyembamba.

Na hapa ndo tunaingia kwenye albamu, ambayo ningetamani mwandishi wenu angeisikiliza yote kabla ya kuandika. Inaitwa Master of Reality, imetoka 1971, ni ya tatu. Ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969 London, waliingia studio wakapiga kama wanavyopiga ukumbini wakatoka. Ya pili nayo ilikwenda harakaharaka. Hii ya tatu ndo mara ya kwanza walipewa muda, Februari mpaka Aprili 1971, prodyuza ni yuleyule Rodger Bain, na unasikia kabisa kwamba watu walikaa wakajaribu vitu. Ina nyimbo nane, haifiki hata dakika 35. Kava lake la mwanzo lilikuwa jeusi tupu, jina la bendi kwa zambarau, na jina la albamu jeusi juu ya jeusi, ulikuwa unaligusa kwa kidole kuliko kuliona.

Kitu kikubwa walichofanya ni kwamba Iommi alilegeza nyuzi. Nyimbo tatu, Children of the Grave, Lord of This World na Into the Void, gita zima limeshushwa nusu-toni tatu chini ya kawaida, yaani ule uzi mnene wa juu ambao kawaida unatoa noti ya E unatoa C sharp. Kwanini alishusha? Sababu moja ni vidole. Uzi uliolegea haukatai, unaubonyeza bila kutumia nguvu, unauvuta pembeni unakubali, na mtu mwenye plastiki kwenye ncha za vidole anahitaji hivyo. Sababu ya pili aliipata hapohapo alipojaribu, kwamba uzi ukilegea unatikisika kwa upana zaidi, sauti inakuwa nene na nzito, na ukiupitisha kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka inakoroma unapata kitu ambacho kwenye rekodi za nyuma yake hukikuti hivyo. Geezer naye akashusha besi ikamfuata, kwahiyo gita na besi wanapiga kile kipande kimoja pamoja, wote wako chini, huwezi kutenganisha huyu kaishia wapi na huyu kaanza wapi.

Nataka nikae hapa kidogo maana ndo penyewe. Sisi masikio yetu yamelelewa na gita linalopanda. Chukua dansi letu la Dar au chukua muziki wa Kongo, raha ya gita iko kwenye nyuzi nyembamba, solo linalia juu kule karibu na tumbo la gita, safi, kila noti unaihesabu, rhythm anamjibu, besi ndo anakaa chini peke yake, na ikifika sebene gita linazidi kupanda watu wanaingia uwanjani. Tumezoea hivyo na ni muziki mtamu, mimi mwenyewe napiga rhythm hivyohivyo kanisani Jumapili. Sasa Iommi kafanya kinyume, gita lenyewe ndo limeshuka likaenda kuishi kule kwa besi, na halipigi kodi nzima, yaani noti nyingi kwa pamoja kwa nyuzi zote sita, linapiga noti mbili au tatu tu kwa pamoja, ile ya msingi na ya tano yake, kwa sababu ni rahisi kuzishika na kwa sababu ukikorofisha amplifaya halafu ukapiga kodi iliyojaa inakuwa uji, lakini zile mbili zinasimama imara. Mtu wa sebene akisikia kwa mara ya kwanza anasema hapa hamna gita, ni kelele, kwa vile anatafuta gita juu na halipo juu. Ukishajua pa kulitafuta unalikuta limejaa nyumba nzima. Mimi ilinichukua muda kulielewa hilo, hakuna aliyenieleza, ndo maana nalieleza hapa kwa yeyote anayetaka kujaribu.

Na kile kipande cha gita kinachojirudia, wenyewe wanakiita rifu, kwenye muziki huu ndo kinabeba wimbo. Kwenye pop wimbo unabebwa na melodi ya muimbaji na gita linasindikiza. Hapa rifu linaanza, linakaa, muimbaji anakuja kupanda juu yake, mara nyingi Ozzy anaimba melodi ileile ya gita, halafu unategemea korasi na korasi haiji, linakuja rifu lingine. Into the Void ndo mfano mzuri kuliko yote, mwanzo wake unakwenda polepole kama lori la simenti linalopanda Kitonga, hulioni likienda mbio lakini unajua hakuna kitakacholisimamisha, halafu ghafla Bill Ward anabadilisha mwendo na wote wanne wanageuka kwa pamoja. Nimesoma Iommi akieleza kwamba Bill alihangaika sana kupata ule mdundo na walirudiarudia kurekodi, na ukisikiliza unaelewa kwanini, dramu haifuati saa, inafuata gita. Mashairi yake ni watu wanaikimbia dunia kwa roketi kwa sababu imechafuliwa na vita na moshi. Hiyo ni 1971, na walioandika walikuwa wanavuta moshi wa viwanda vya Birmingham kila siku.

Children of the Grave nayo mwendo wake ni wa farasi, tagadagadagada, besi na gita mkono mmoja, dramu zimeongezewa ngoma ndogo juu yake zinagongagonga katikati, na mashairi yanawaambia vijana waandamane kwa amani dhidi ya mabomu ya nyuklia na waonyeshe dunia kwamba mapendo bado yapo. Nimelirudia hilo mara nyingi kwa wenzangu hapa karakana hawakuamini mpaka nikawafasiria mstari kwa mstari. Kaburi lililomo kwenye jina ni onyo la mwisho wa wimbo, kwamba wasipokuwa jasiri wao watoto wa leo watakuwa watoto wa kaburini.

Sasa tuje kwenye neno kuzimu, maana mlilitumia. Wimbo wa pili wa albamu hii unaitwa After Forever. Mhariri naomba mumpe mwandishi mashairi yake ayasome mbele yenu wote pale chumba cha habari. Ni wimbo wa mtu anayemtetea Mungu mbele ya wenzake wanaomcheka, anawauliza kama wamewahi kuifikiria roho yao, kama siku yao ikikaribia watathubutu kusema hawaamini, anasema ameuona ukweli na Mungu ndiye njia pekee ya upendo. Umo humohumo kwenye albamu ambayo watu wanasema ni ya shetani. Na Lord of This World, ambao jina lake linatisha, unamuonyesha mwanadamu aliyemchagua shetani kwa sababu ya tamaa na kiburi chake, halafu anaulizwa kama atamgeukia huyohuyo shetani siku yake ya kufa, ni mahubiri kabisa, nimesikia mahubiri laini kuliko hayo. Mchungaji wetu nilimsikilizisha na kumuelezea maneno, akasema muziki haumpendezi ila maneno hana ugomvi nayo. Hiyo nakubali kabisa, huyo kasikiliza kwanza.

Kuna wimbo kwenye albamu siutetei. Sweet Leaf, wa kwanza kabisa, unaanza na kikohozi cha Iommi mwenyewe kilichorudishwarudishwa, na wimbo mzima ni wa kuisifia bangi. Rifu lake ni zuri mno, ukweli usemwe, lakini maneno yake siyapendi na madawa ndo yaliyokuja kuivuruga hiyo bendi miaka iliyofuata, Ozzy mwenyewe kaongea mara nyingi jinsi yalivyomharibu. Nina watoto, sitaki waushike. Na Embryo ni nusu dakika tu ya gita, wangeweza kuiacha. Mkitaka kuikosoa albamu anzieni hapo, mtakuwa mnakosoa kitu kilichopo.

Halafu ipo Solitude. Watu hawaamini ni bendi ileile. Hakuna kelele hata moja, gita limetulia, Iommi anapiga filimbi na piano, na Ozzy anaimba kwa sauti ya chini ya mtu aliyeachwa, mpaka wengine walidhani anayeimba ni mwingine. Orchid nayo ni gita kavu peke yake, dakika moja na nusu. Vipande hivi vimewekwa kwa makusudi kabla ya nyimbo nzito, sikio linapumzika, halafu uzito ukija unauhisi mara mbili. Huo ni upangaji wa watu wanaojua wanachofanya. Albamu ilifika namba 5 Uingereza na namba 8 Marekani, na kule Marekani pekee imethibitishwa kuuza nakala milioni mbili, wakati wakosoaji wengi wa siku zile walikuwa wanaiponda. Ule ushushaji wa nyuzi umekuwa kama sheria siku hizi, bendi nyingi za ule upande wa polepole na uzito, mitindo inayoitwa duum, slaji na stona, zinakaa kule chini ambapo Iommi alifika kwa ajili ya vidole vyake.

Mnaweza kusema haya ya kizungu yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Zambia hapo jirani, miaka ileile ya 70, vijana wa Kitwe, mji wa migodi ya shaba, waliunda bendi ikiitwa WITCH, muimbaji wao Jagari Chanda, wakapiga roki ya gita linalokoroma, na huko Lusaka akawepo Paul Ngozi na Ngozi Family yake, mpaka ule muziki ukapata jina lake, Zamrock. Walikuwa wanasikiliza santuri za Black Sabbath na za mpiga gita Jimi Hendrix, na Rais Kaunda alitaka redio ipige muziki wa nyumbani, kwahiyo wakachanganya na midundo ya kwao na kuimba kwa lugha zao pia. Angalieni sehemu yenyewe, mji wa migodi, shaba ile ambayo ilikuja kusafirishwa kwa TAZARA mpaka bandarini kwetu hapa. Muziki huu ukikuta watu wanaofanya kazi na vyuma unakaa. Na juzijuzi tu, 2020, vijana wawili wa Nairobi, Duma, walitoa albamu yao waliyorekodi Kampala, ile ni kali zaidi, mashine na mayowe, sio ya kila mtu, lakini imezungumzwa Ulaya nzima na magazeti yetu ya Kiswahili niliyoyasoma hayakuandika hata mstari. Kuna watu hapa Dar wanaujua huu muziki kuliko mimi, ni mafundi wa gita, wana bendi ndogondogo zinazofanya mazoezi kwenye vyumba visivyo na dirisha, na hakuna ukurasa wa burudani unaowafikia.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba mnapoandika kuhusu muziki andikeni muziki. Kwenye ukurasa wenu nasoma nani kaachana na nani, nani kanunua gari, nani kamjibu nani Instagram, hata kwa wasanii wetu wa bongo fleva inakuwa hivyo, mtu katoa albamu nzima hakuna hata sentensi moja inayosema gita limepigwaje, besi iko wapi, mdundo umetoka wapi, prodyuza kafanya nini. Kwa mpira mnaeleza kila pasi, nani kacheza namba sita, kocha kabadilisha mfumo dakika ya ngapi, na mnaeleza vizuri kweli. Wasomaji tunaweza kuelewa gita kama tunavyoelewa mpira, tunahitaji tu mtu atuelezee. Hili la Ozzy lilikuwa na kila kitu cha kuandika: Julai 5, 2025 wale wanne wa mwanzo walisimama jukwaa moja uwanja wa Villa Park, palepale Aston walipokulia, mara ya kwanza baada ya miaka 20, Ozzy anaumwa Parkinson hawezi kusimama akaimba amekaa kwenye kiti, na mapato yakaelekezwa kwa misaada ikiwemo hospitali ya watoto ya Birmingham, siku kumi na saba baadaye akafariki akiwa na miaka 76. Hayo yote mliyaacha mkachukua popo.

Kwahiyo naomba toleo lijalo mrekebishe mambo matatu. Kwamba tukio la popo ni la 1982 na Black Sabbath hawakuhusika. Kwamba hao wanne walikuwa na kazi, na mmoja wao aliacha ncha za vidole kwenye presi ya kiwanda akiwa na miaka 17. Na kwamba kwenye albamu ya Master of Reality kuna wimbo unaomtetea Mungu, jina lake After Forever, wimbo wa pili, ili msomaji akitaka aufuate mwenyewe. Kama barua ni ndefu kateni mnapotaka, lakini hapo kwenye presi naomba msiguse, kuna vijana hapa Gerezani kesho asubuhi wataambiwa wakamshikie mtu mashine ambayo hawajawahi kuishika, na gazeti hili wanalisoma.

Wako msomaji,
Fundi wa kuchomelea,
Gerezani, Dar es Salaam